Kampuni ya bidhaa za watoto hukuaje Uganda? Anzia kwenye pampasi moja ya usiku

Saa moja jioni hapa Bombo, duka la hajati hujaa wanunuzi wa vitu vidogo vidogo. Huyu anataka sukari ya shilingi elfu moja, yule sabuni ya kipande, mwingine mafuta ya kupikia yaliyopimwa kwenye kimfuko. Kati yao hakosi mama mwenye mtoto mgongoni, mbeleko imekazwa barabara, anayeagiza kwa Kiswahili kile cha mji wa kambi ya jeshi ambacho wengi wetu tumekulia nacho: "Hajati, nipe pampasi moja, namba nne." Hajati anatia mkono kwenye pakiti iliyokwisha kufunguliwa, anachomoa kipande kimoja, anakifunga kwa gazeti, anapokea hela. Mama huyo amenunua usiku mmoja wa usingizi, na kesho jioni atarudi.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Watu wengi wakiulizwa kwa nini kampuni za bidhaa za watoto wachanga zinakua Uganda, hujibu mara moja: kwa sababu tunazaa sana. Jibu hilo lina ukweli, lakini likisimama peke yake linapotosha. Mtoto aliyezaliwa hajawa mteja. Anakuwa mteja siku mama yake anapopata shilingi za kipande kimoja, na kampuni inakua pale kipande hicho kinapogeuka kuwa viwili, halafu vitatu. Nyuma ya kipande hicho yako mambo mengi yanayopaswa kwenda sawa, tangu msitu wa misonobari huko Marekani hadi rafu ya hajati.

Hilo la kuzaa tulimalize kwanza. Sensa ya 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 45.9. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta kwamba mwanamke wa Uganda huzaa kwa wastani watoto 5.4 maishani mwake. Ule wa 2022 ukakuta 5.2. Wastani unashuka taratibu, lakini wasichana wanaoingia umri wa kuzaa ni wengi kila mwaka, hivyo watoto wanaozaliwa wanabaki wengi, takriban milioni 1.6 kwa mwaka.

Sasa tazama kule mashine zinakotoka. China ilipata watoto milioni 17.86 mwaka 2016. Mwaka 2023 walikuwa milioni 9.02. Karibu nusu ya soko imeyeyuka ndani ya miaka 7. Japani mambo yamefika mahali ambapo kampuni ya Oji ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la nyumbani na kujikita kwenye za watu wazima. Mafundi wa Quanzhou na Jinjiang, miji ya mkoa wa Fujian nchini China inayotengeneza mashine za nepi kwa wingi, hawana budi kutafuta mahali watoto waliko. Hii ndiyo sababu jina kama Softcare, ambalo mama wengi wa Afrika Mashariki wanalijua, limetokana na biashara ya Sunda ya Guangzhou, iliyoanza kwa kuleta bidhaa Afrika na baadaye ikajenga viwanda huku huku, Ghana, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ukiona msukumo mpya wa nepi kwenye maduka yetu, jua kwamba sehemu yake ilianzia kwenye wodi za uzazi zilizobaki tupu huko Asia.

Mteja anayekuacha akikua

Biashara hii ina tabia yake. Mtu akiipenda sabuni fulani anaweza kuinunua miaka 40. Mtoto huvaa nepi miaka miwili, pengine miwili na nusu, halafu anazoea poti na habari yake imekwisha. Kampuni inayouza mwaka huu kiasi kile kile ilichouza mwaka jana imelazimika kuwapata upya wateja wengi mno ili isirudi nyuma. Wazazi wa mwaka juzi wameondoka, na waliopo sasa wengine walikuwa bado hawajaoana.

Wazazi hao wapya hawajui lolote. Msichana mwenye mimba ya kwanza humuuliza dada yake, jirani, muuguzi wa kliniki, mke wa kaka yake aliyezaa mwaka jana. Akipanga mfuko wa kwenda kujifungua, pamoja na pamba, glavu na karatasi ya plastiki, anatia nepi chache namba moja. Kampuni iliyoingia katika mfuko ule imepata nafasi ya kufuatwa hadi namba mbili, tatu na nne. Tangazo la redio linaweza kumfanya mama akumbuke jina, lakini anayempa moyo wa kununua ni mwanamke mwenzake aliyelala usiku kucha bila kubadilisha shuka.

Sasa hesabu, kwa sababu kukua kwenyewe kumejificha hapo. Kipande kimoja dukani huuzwa kwa kawaida kati ya shilingi 500 na 1,000, kutegemea ukubwa na jina. Tuchukue 700. Mama anayemvalisha mwanawe kipande kimoja cha usiku anatumia shilingi 21,000 kwa mwezi. Mama anayetumia vitano kwa siku, usiku na mchana, anatumia 105,000. Kwa familia inayoishi kwa kibarua hiyo ni kodi ya chumba, kwa hiyo mchana mtoto huvishwa winda la khanga kuukuu, au huachwa akitambaa uani bila kitu, na hakuna anayeona ajabu.

Tofauti kati ya 21,000 na 105,000 ni mara tano, na mtoto ni yule yule mmoja. Hakuna ongezeko la uzazi linaloweza kuipa kampuni mara tano ndani ya miaka michache. Ndiyo maana wauzaji wajanja hawatazami sana idadi ya watoto, wanatazama nyakati. Kwanza ni usiku. Kisha ni siku ya chanjo, maana mama hataki kuaibika kwenye benchi la kliniki. Kisha safari: ukipanda taksi kwenda Kampala na mtoto mapajani, umebanana na abiria wengine, pampasi inakuwa heshima kwa jirani yako wa kiti. Kisha siku ya ibada, harusi, msiba. Kila wakati mpya unaopata kipande chake ni ukuaji, ingawa hakuna mtoto mpya aliyezaliwa.

Na hapo hapo kuna tatizo ambalo pakiti kubwa haijui. Kipande kikichomolewa kutoka pakiti iliyo wazi, jina la kampuni linabaki kwa hajati, na maelekezo na tarehe vinabaki pamoja nalo. Mama anaondoka na kitu cheupe ndani ya gazeti. Kikimfaa, kesho atasema "nipe ile ya jana"; hajati akiwa amebadilisha pakiti, kampuni imempoteza mteja bila yeyote kujua. Dawa yake ni chapa na namba ya ukubwa kupigwa mgongoni mwa kila kipande, au vipakiti vya vipande viwili au vinne vinavyolingana na hela ya siku. Vipakiti vina gharama ya plastiki zaidi. Naona bado vinafaa, kwa sababu vinamfikishia mama kitu kisafi, kisichokaa wiki nzima kikishika vumbi la barabara.

Tulichokikuta ndani

Jioni moja, wateja walipopungua, tulikata pampasi mbili kwa wembe juu ya kaunta ya hajati, moja ya bei ya juu na moja ya bei ya chini. Juu kabisa kuna kitambaa chembamba ambacho hakikufumwa, kinachopitisha mkojo haraka na kubaki kikavu. Chini yake kuna utepe unaotawanya maji yasikusanyike mahali pamoja. Mgongoni kuna plastiki ya kuzuia yasitoke, pembeni lastiki za mapaja. Katikati ndiko kwenye roho yake: nyuzi laini za miti, kama pamba iliyochambuliwa, na ndani yake chembe nyeupe zinazofanana na sukari.

Tulizikung'uta chembe za ile ya bei ya juu kwenye glasi, tukamwaga maji. Kabla hujamaliza kusimulia habari ndogo, maji yalikuwa yamegeuka kitu kama barafu iliyopondwa. Hajati aliigeuza glasi chini juu na hakikuanguka kitu. Kisha akaongeza kijiko cha chumvi na kukoroga, na taratibu ule ugumu ukalegea, maji yakaanza kuonekana tena.

Chumvi inaeleza biashara nzima. Chembe hizo ni polima ya sodiamu poliakrileti. Katika maji safi zinaweza kushika mamia ya uzito wake, na ndiyo maana video za matangazo hutumia maji. Mkojo una chumvi, na mbele ya chumvi uwezo huo hushuka hadi kama mara 30 tu, tena hupungua zaidi mtoto akikalia. Mtoto mwenye afya hutoa mkojo wa mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Mtoto wa kilo 9 akilala saa 10 atatoa kati ya mililita 90 na 180. Nepi yenye gramu 10 za chembe inavuka usiku huo. Yenye gramu 4 inaweza isivuke.

Ile ya bei ya chini ilikuwa na nyuzi tele na chembe za kuhesabika. Kwa macho ilionekana nene kuliko mwenzake, na mama anayenunua kwa kubonyeza kwa vidole angeichagua. Tuliilowesha, tukaikamua kwa kiganja, maji yakatoka kama kwenye sifongo. Mtoto akikalia, ndivyo yanavyotoka, kwenye ngozi yake na kwenye godoro.

Nepi hazikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1949 Marion Donovan wa Marekani aliuza kifuniko chake kisichopitisha maji cha kuvalishwa juu ya nepi ya kitambaa, na mwaka 1961 Procter & Gamble ikatoa Pampers, kazi iliyoongozwa na mhandisi wao Victor Mills; jina hilo ndilo lililotupa neno pampasi. Hizo za kwanza zilikuwa za karatasi na nyuzi, nene kama mto mdogo. Chembe zilipoingia kwenye nepi katika miaka ya 1980 ndipo zikawa nyembamba.

Chembe hizi ni ghali na zinatoka nje, kwa hiyo zinajaribu uaminifu wa mwenye kiwanda kila siku. Dola ikipanda, anaweza kupunguza gramu moja kwa kila kipande na hakuna atakayeona dukani. Atakayejua ni mtoto, atakapoamka na vipele asubuhi. Shirika la viwango la taifa, UNBS, lina alama yake ya ubora, ile Q iliyozoeleka, na mama ana haki ya kuitafuta kwenye pakiti. Lakini kipande kilichofungwa kwa gazeti hakina Q. Kwa mama wa reja reja ulinzi pekee ni dhamiri ya kampuni na ulimi wa hajati, na katika miaka ninayolijua duka hili nimeona majina matatu yakifa kwa neno moja tu la wateja: "Inavuja."

Kontena lililojaa hewa

Kwa nini basi mtu ajenge kiwanda Namanve au Mbale badala ya kuleta pampasi zilizokwisha tengenezwa? Kwa sababu pampasi ni nyepesi na inakula nafasi. Kontena la futi 40 hujaa hadi mlangoni kabla halijakaribia uzito linaoruhusiwa. Anayeleta bidhaa iliyo tayari analipa meli, bandari ya Mombasa na lori la zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Malaba au Busia, na sehemu kubwa ya anachosafirisha ni hewa iliyo kati ya nyuzi. Malighafi hazina hewa hiyo. Nyuzi za misonobari, nyingi zikitoka kusini mwa Marekani, huja zimeshindiliwa katika roli nzito. Chembe huja katika magunia makubwa. Kontena moja la hizo hutoa pampasi nyingi kuliko kontena moja la pampasi.

Ushuru nao unasukuma upande huo huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza malighafi kidogo au haitozi kabisa, bidhaa za hatua ya kati 10%, na zilizokamilika 25%. Mwezi Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya 35% kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Mpangilio huu umekusudiwa kumfanya mtu alete vipande na kuunganisha hapa.

Mpaka hapo kiwanda kinaonekana jambo la wazi, hadi ukutane na kasi ya mashine. Tuchukue mashine ya wastani inayotoa vipande 300 kwa dakika. Hivyo ni 18,000 kwa saa, na kwa zamu mbili za saa nane ni 288,000 kwa siku. Nani atazivaa? Ikiwa kila mtoto anavaa kipande kimoja cha usiku, mashine moja inahitaji watoto 288,000 kila siku. Watoto wa umri wa nepi Uganda ni kama milioni 4, kwa hiyo ni mtoto mmoja kati ya kila 14 nchini, Karamoja hadi Kisoro, kila usiku, bila kukosa. Mashine moja tu! Na washindani wako nao wana zao.

Hapa ndipo kampuni nyingi changa huumia. Mashine ikifanya kazi nusu siku, mkopo haulali nusu siku. Benki za biashara zimekuwa zikikopesha shilingi kwa riba ya 18% hadi 20% au karibu na hapo, na ingawa benki ya maendeleo ya taifa, UDB, ina mikopo nafuu zaidi kwa wenye viwanda, foleni yake ina watu. Umeme ukikatika dakika moja, gundi ya moto hugandia midomoni mwa mashine, kitambaa hukatika, na vipande mamia hutupwa kabla mstari haujatulia tena. Malighafi hulipwa kwa dola leo; pampasi huuzwa kwa shilingi, tena mara nyingi kwa mkopo wa wiki mbili kwa wauzaji wa jumla wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala. Kampuni inaweza kuuza sana na bado ikakosa fedha za kontena lijalo. Hili la kuuza sana huku unakauka mfukoni limewashtua wengi, kwa sababu kwa nje linaonekana kama mafanikio.

Anayedhani watoto wengi hutosha na aangalie Nigeria. Nchi hiyo peke yake hupata watoto wengi kwa mwaka kuliko nchi zote za Umoja wa Ulaya zikijumlishwa. Hata hivyo, Desemba 2023 Procter & Gamble ilitangaza kuacha uzalishaji wake huko na kubaki kuingiza bidhaa tu, na mwaka 2024 Kimberly-Clark, wenye Huggies, wakafunga kiwanda chao cha Ikorodu. Watoto walikuwepo. Naira ndiyo iliyoporomoka, dola zikawa adimu, na mama akarudi kwenye kitambaa. Shilingi ya Uganda imekuwa tulivu zaidi, na utulivu huo ni mtaji kwa kiwanda cha nepi ingawa haumo kwenye vitabu vyake.

Mpakani wanasema lugha moja

Kama soko la ndani halitoshi kulisha mashine, njia inayobaki ni kuvuka mpaka, na Uganda imekaa mahali pazuri kwa hilo. Mpondwe, upande wa Kasese, inafungua njia ya Beni nchini Kongo. Goli na Vurra, West Nile, zinaelekea Ituri, Kongo hiyo hiyo. Elegu inaelekea Juba, Sudan Kusini. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bidhaa yenye asili ya Jumuiya haipaswi kulipa ushuru wa forodha ndani yake ikiwa na cheti chake cha asili.

Hapa nina jambo linaloniuma. Mama wa Beni na mama wa Bunia wanazungumza Kiswahili. Mchuuzi anayewapelekea mzigo anazungumza Kiswahili. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini chukua pakiti nyingi za bidhaa za watoto kwenye rafu za Uganda, ugeuze mgongo wake usome: Kiingereza kitupu. Uzito wa mtoto kwa kila namba, jinsi ya kufunga, kila baada ya saa ngapi ubadilishe, mambo yote ambayo mama anayahitaji yamewekwa mahali asipofika. Kuyaandika kwa Kiswahili hakuhitaji mashine mpya wala mkopo. Ni wino ule ule.

Njia nyingine ya kukua ni kupanua rafu: mama aliyekuamini kwa nepi atakusikiliza ukimletea mafuta ya kupaka, sabuni, vitambaa vya kufutia. Wengine wameingia kwa mlango wa upande wa pili. Movit Products, kampuni ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1997 na kujulikana kwa vipodozi, ina mafuta ya watoto ya Baby Junior. Yapo pia maagizo makubwa ya mashirika, kwa kuwa Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7 na kambi kama Bidi Bidi na Nakivale zina watoto wengi. Agizo moja la namna hiyo linaweza kuongeza mauzo ya mwaka mara mbili, na mwaka unaofuata lisije. Mwenye hekima hanunui mashine ya pili kwa sababu yake.

Kwenye chakula, kukua lazima kusubiri. Kampuni nyingi za bidhaa za watoto hufika mahali zikatamani kuuza uji na maziwa, na mimi ndipo ninapotaka ziende polepole kuliko kote. Kanuni ya kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa vyakula mbadala vya maziwa ya mama ilipitishwa mwaka 1981, na Uganda ikaweka kanuni zake mwaka 1997. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, na muuzaji asimnong'oneze mama kitu kingine kwa zawadi wala picha za watoto wanene. Baada ya miezi sita uji wa ulezi, soya na mukene, yaani dagaa, unaweza kuwa baraka kubwa. Mwaka 2016 watoto 29 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Lakini nepi mbaya huleta vipele, na uji mbaya huua. Mwaka 2019 huko Karamoja mamia ya watu waliugua na baadhi wakafariki baada ya kula unga wa msaada wenye virutubisho, uliokutwa na sumu ya mmea wa porini iliyochanganyika na nafaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu ya kuvu. Anayetaka kusaga uji wa watoto lazima aweze kupima kila shehena ya nafaka inayoingia kwake, na kuirudisha ikishindwa, hata kama wateja wanapiga simu.

Na zile zilizotumika?

Kila kipande kilichohesabiwa kama ukuaji huwa taka kabla ya saa 12 kupita. Vipande 288,000 vya mashine moja kwa siku ni vipande 288,000 vya kutupwa, vyenye plastiki na chembe zisizooza. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, lililoanza kutumika mwaka 1996 kupokea uchafu wa Kampala, liliporomokea nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Pampasi haikuwa chanzo cha janga lile, lakini imo katika kila lori la taka linaloondoka mjini.

Huku kwetu hakuna lori. Pampasi hufungwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na kutumbukizwa chooni. Ikikutana na majimaji ya shimo, chembe zilizobaki na nafasi huvimba, shimo hujaa kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya choo likija bomba huziba. Kuchoma nako si wote wanaokubali. Wapo mama wanaoamini mtoto atatokwa na vipele. Mafundi cherehani hushona nepi za kitambaa za kufua zenye pedi ndani, na kwa mwenye bomba nyumbani ni akiba kubwa. Kwa anayenunua maji kwa jerikani, kufua nepi sita kila siku ni gharama nyingine na kazi nyingine mgongoni mwa mwanamke yule yule.

Choo cha nyuma ya duka la hajati kiliziba mwaka jana. Kijana wa gari la kunyonya alitumia ndoano ndefu, akavuta kaveera moja moja huku sisi tumeziba pua, na akamtoza bei ya ziada. Tangu hapo hajati ameweka pipa lenye kifuniko karibu na mlango, na mama anayekuja kununua moja anaruhusiwa kutupa moja. Kila Jumamosi analipa boda boda ya kubebea taka. Mwezi uliopita wakala wa kampuni mpya alipokuja na sampuli zake na bei nzuri, hajati alimsikiliza mpaka mwisho, akabonyeza kipande, akauliza chembe ni gramu ngapi. Kisha akamwonyesha lile pipa. "Mwanangu, hizi utaniletea katoni ngapi kwa wiki?" Kumi, alisema wakala. "Na kurudi utabeba ngapi?" Kijana alitazama pipa, akatoa daftari lake, akaandika.